Kutu, Adui wa Mali ya Ushirika

Wakulima wa pamba wa kando ya Ziwa Victoria walipounda shirikisho la vyama vyao mwaka 1955, na baadaye kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba, walirithi pia adui wa kale wa chuma: kutu.

Kutu huzaliwa chuma kikutanapo na maji na hewa. Mwaka 1837 Sorel wa Ufaransa alipata hati ya uvumbuzi wa kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka. Ndiyo asili ya mabati ya nyumba zetu. Lakini mhimili wa mashine, ambao sharti uwe laini na wa kipimo halisi, haufai kuvikwa zinki. Ngao yake ni ile ya tangu zamani: mafuta.

Basi, fundi aonapo kutu nyepesi, azime mashine, apake mafuta ya taa, asugue taratibu kwa msasa laini, afute mpaka pakauke, kisha apake mafuta mazito. Vumbi la pamba lifagiliwe kila jioni, maana hushika unyevu.

Chuma kilichonunuliwa kwa jasho la wengi kisiliwe kwa uzembe wa wachache.