Dumuzi wa Mibuni na Jina Lake

Neno dumuzi, tulitumiavyo, hukusanya wadudu wengi: atobaye mahindi ghalani, atobaye boriti, hata yule aachaye unga mweupe katika matimba mabichi ya shimo la dhahabu, tuseme huko Rwamgasa. Mwanachuoni hatosheki nalo. Mwaka 1836 Schmidberger aliona kwamba baadhi yao wana chakula kisicho mti, akakiita ambrosia. Mwaka 1844 Hartig akabainisha kuwa ni kuvu. Mbawakawa hawa huipanda wenyewe matunduni mwao.

Mwaka 1912 Hagedorn alimwita mmoja wao, adui wa matawi ya mibuni, Xyleborus morstatti, kwa heshima ya Morstatt, mtaalamu wa wadudu wa Amani, Usambara. Jina hilo lilimfanya aonekane mwenyeji wa Afrika. Kumbe ndiye yule yule ambaye Eichhoff alikwisha kumweleza mwaka 1875 kutoka Japani!

Leo yumo katika jenasi Xylosandrus, itambulikanayo kwa mashina ya miguu ya mbele yaliyoachana, na, kwa jike, kishungi cha nywele mgongoni penye mlango wa kifuko achukuliamo kuvu. Tundu peke yake halionyeshi haya. Hata la Rwamgasa lataka mdudu mwenyewe chini ya hadubini, tena kabla timba halijakauka, maana kuvu ikifa naye huhama.