Fiat ya Zamani Yapanda Kitonga Tena



Kamati imeniomba nieleze habari za lile lori mlilolisikia kwenye mkutano mkuu. Wapo waliouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini chama kinachochangisha fedha za bweni la wasichana kijihusishe na chuma chakavu. Nitajibu, ila jibu lenyewe linaanzia mbali kidogo, mwaka 1965.

Tarehe 11 Novemba mwaka huo serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kule Rhodesia. Zambia, iliyokuwa imepata uhuru wake mwaka mmoja tu nyuma, ilitegemea reli ya kusini kwa karibu kila kitu: mafuta yaliyoingia na shaba iliyotoka. Kabla ya Krismasi mafuta yakawa yamekatwa. Ndege zilitumika kubeba mapipa ya mafuta, lakini nchi nzima haiwezi kuendeshwa kwa ndege. Ikabaki barabara ya kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma hadi ukanda wa shaba, safari ya takriban kilomita 2,000. Sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Kiangazi ilikuwa vumbi, masika ilikuwa tope la kumeza ekseli. Wageni waliibatiza jina la Njia ya Jehanamu. Wazee wetu hawakuwa na jina maalumu, waliiita barabara.

Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, iliyomilikiwa na serikali hizo mbili pamoja na wabia wa Kitaliano. Ubia huo ndio uliotuletea Fiat. Aliyeishi kando ya barabara hii miaka hiyo hahitaji kuelezwa Fiat 682 ilikuwa lori la namna gani, lakini vijana wetu wanaosoma kijitabu hiki hawajaiona. Ilianza kutengenezwa Italia mwaka 1952. Ni lori la uso bapa, kabini ikiwa juu ya injini ya dizeli ya silinda 6 yenye zaidi ya lita 10, na nyuma likivuta tela. Gia zake za msingi ni 4, kila moja ikiwa na hatua ya chini na ya juu, hivyo jumla 8 za kwenda mbele. Katika nchi nyingi za bara hili liliitwa Mfalme wa Afrika.

Kuna jambo moja la kuchekesha. Waitaliano wanaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini malori yao makubwa ya enzi zile yalikuwa na usukani kulia pia, ili dereva aione vizuri kingo ya barabara kwenye milima yao. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo usukani ule ulitufaa bila kubadilishwa. Ila faida ya mlimani ikageuka: kingo ya barabara ikawa upande wa utingo. Kwa hiyo kwenye Kitonga macho ya utingo ndiyo yaliyokuwa yakiokoa mzigo na roho za watu. Alining'inia mlangoni upande wa kushoto, akitazama tairi la nyuma liko umbali gani na korongo, huku jiwe au kipande cha gogo kikiwa tayari cha kuwekwa nyuma ya tairi lori likikataa kupanda. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa dereva, na jina lake halikuandikwa popote.

Hapo ndipo mji wetu unapoingia. Lori likitoka Ruaha Mbuyuni, kwenye joto la mibuyu, likapanda Kitonga kwa gia ya kwanza na ya pili, lilifika juu likichemka. Lilihitaji maji, dereva alihitaji chakula, na utingo alihitaji kulala. Ilula ilikuwa pale. Kina mama walianza kupika kando ya barabara, vijana wakajifunza kuziba pancha na kubadilisha springi, na wakulima wakagundua kwamba lori linaloondoka na nafasi kwenye tela linaweza kubeba vitunguu. Kila mtu anajua leo Ilula ni nyanya na vitunguu. Wachache wanakumbuka kwamba soko hilo lilifunguliwa na magari yaliyokuwa na haraka ya kufika kwingine.

Lami ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970 safari zilizidi, na Smith alipofunga mpaka wake na Zambia Januari 1973 zikazidi tena. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi Julai 1976. Reli ni jambo kubwa la taifa na silibezi. Lakini tazameni ramani: inapita bonde la Kilombero, Ifakara na Mlimba, halafu inapanda kwenda Makambako. Haikutugusa kabisa. Makambako walipata stesheni, sisi tukabaki na lori, na kwa maoni yangu ndiyo maana ufundi wa magari ulishika mizizi hapa kuliko sehemu nyingine.

Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilichukua magari mengi ya watu binafsi kwenda kubeba askari na vifaa. Yaliyorudi yalirudi yamechoka. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, vipuri vikaadimika, na Fiat moja baada ya nyingine ikawekwa juu ya mawe ili nyingine ipate noozeli au kikombe cha breki. Scania zilizounganishwa Kibaha zikachukua barabara.

Lori letu ni moja ya hizo zilizobaki juu ya mawe. Mwenye nalo, marehemu sasa, alilinunua likiwa limetumika, akalifanyia kazi mpaka likakataa. Familia ilipotaka kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mafundi watatu wa hapa nyumbani waliomba walipewe. Familia ikalikabidhi kwa chama bila malipo.

Mimi ni mhasibu, nami nasema wazi: thamani ya lori hili vitabuni ni sifuri tangu kabla sijaanza darasa la kwanza. Nimelikubali kwa sharti moja, kwamba lisiguse hata shilingi moja ya mfuko wa bweni. Lina daftari lake, wachangiaji wake na risiti zake, na hesabu zote ziko kwenye taarifa ya fedha ya kijitabu hiki.

Kazi ilichukua miezi 14, hasa siku za Jumapili baada ya ibada. Injini ilikuwa imeshikana. Mafundi walitoa noozeli zote, wakamimina dizeli kwenye kila silinda, wakaiacha wiki nzima, kisha wakaanza kuizungusha kwa nondo kwenye flaiwili, nusu inchi kwa nusu inchi. Ilipolegea tulipiga makofi kama tumepata mtoto. Tanki la mafuta lilikuwa na kutu ya kujaza ndoo. Waya zote zilikuwa zimeliwa na panya. Pampu ya dizeli ilipelekwa kwa fundi wa pampu Iringa mjini, ambaye aliitazama kwa muda mrefu kabla hajakubali kuifungua. Gasketi ya silinda hedi ilitutesa zaidi, kwani Fiat iliingiza biashara yake ya malori kwenye Iveco tangu 1975 na maduka ya hapa hayajui tena namba hizo. Ilipatikana Addis Ababa kupitia mwana-Ilula mwenzetu anayefanya kazi kule. Ethiopia Fiat 682 zimeendelea kubeba mizigo muda mrefu baada ya kwetu kusimama.

Breki ndizo zilizoninyima usingizi. Ni breki za upepo, na mpira wowote uliokaa miaka 30 bila kazi hauaminiki. Walibadilisha diaframu na mipira yote, wakajaza upepo, wakapaka povu la sabuni kila kiungo wakitafuta panapotoa mapovu. Hawakukubali litoke uani mpaka geji ilipokaa usiku kucha bila kushuka sana.

Kisha tukagundua kwamba hatuna dereva. Vijana wetu wanaendesha Scania na Fuso usiku na mchana, lakini giaboksi hii ya zamani haisamehi. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unasikiliza injini, unakanyaga tena ndipo unaingiza. Ukikosea, inasaga meno hadi majirani wanatoka nje. Walijaribu kwenye uwanja wa shule wakashindwa. Akaitwa babu mmoja wa mtaa wa juu aliyeendesha Fiat tangu ujana wake, anayetembea kwa mkongojo. Alipandishwa na watu wawili. Alipokaa, alitulia kidogo, akaingiza gia bila sauti.

Majaribio yalifanyika Jumapili alfajiri, kwa kibali cha polisi, tukiwa na gari moja mbele na jingine nyuma. Babu aliendesha sehemu ya tambarare, kisha akamwachia kijana usukani na kukaa katikati akimwelekeza. Kushuka Kitonga kulikuwa kwa kanuni aliyotoa yeye: gia ambayo ungepandia ndiyo ya kushukia, na breki ni ya kusahihisha tu. Tulifika Mbuyuni ngoma za breki zikiwa na joto ambalo mkono unaweza kuvumilia. Pale tulipakia tani 4 za mchanga, tukageuza.

Kupanda kulituchukua zaidi ya saa moja. Malori ya kwenda Tunduma yalijipanga nyuma yetu, yakipiga honi kwa hasira, halafu kila lililofanikiwa kupita lilipiga honi ya namna nyingine kabisa, dereva akiwa nusu nje ya dirisha na simu mkononi akipiga picha. Karibu na kilele geji ya joto ilipanda. Tukasimama. Mzee mmoja aliyekuwa utingo zamani, ambaye hakuna aliyemtuma, alikuwa ameshateremka na jiwe liko nyuma ya tairi kabla lori halijatulia. Injini iliachwa ikinguruma taratibu hadi ikapoa, maji yakaongezwa kidogo kidogo, tukaondoka.

Kasoro zilizobaki ni hizi. Gia ya tatu inaruka, inabidi ishikwe kwa mkono. Breki za nyuma zinavuta kushoto. Rejeta inahitaji kiini kipya. Mpaka hayo yatengenezwe na lipite ukaguzi, lori halitashuka tena Kitonga. Litakapopita litabeba mchanga na matofali ya bweni. Kwa hesabu kavu kukodi Fuso ni nafuu, maana Fiat inakunywa mafuta, na nimeieleza kamati hivyo. Tofauti ya gharama italipwa na daftari la lori.

Mchango wa bweni upelekwe kwa mweka hazina kama ilivyoelezwa ukurasa wa mwisho. Kwa upande wa lori hatuombi fedha kwanza, tunaomba majina. Tumeanza orodha ya madereva na utingo wa Ilula waliofanya kazi kwenye barabara hii kati ya 1966 na 1976, walio hai na waliofia njiani. Itachorwa kwenye mbao za bodi. Iko kwa katibu, ina safu tatu: jina, kazi, mwaka. Safu ya madereva inajaa vizuri. Ya utingo bado ina mistari mitupu mingi, na wengi tulionao tumepewa jina moja tu.