Pacha Mwovu wa Ng'ambo ya Ruvuma

Miongoni mwa hikaya zinazowateka wasomaji na watazamaji wa zama hizi, ni chache zilizodumu kama hii: kwamba uko ulimwengu mwingine uliokwenda sambamba na huu wetu, wenye jua lake na mito yake, na kwamba humo anaishi mtu mwenye sura yangu, jina langu na hata kikohozi changu, ila yeye ana roho mbaya, na yote ambayo mimi nimejizuia kuyatenda yeye huyatenda bila ya soni. Asili ya fikra hii si mchezo wa watoto. Imamu Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, aliona kwamba kudura ya Mungu haishindwi kuumba dunia maelfu nje ya hii, na akazipinga hoja za wanafalsafa waliodai kuwa haiwezekani ikawapo zaidi ya moja. Na mwaka 1957 Hugh Everett, mwanafunzi wa fizikia huko Princeton, alitoa rai ambayo wafuasi wake wameifasiri kuwa kila jambo la maumbile lenye njia mbili huzifuata zote mbili, kila moja katika ulimwengu wake. Lakini si imamu wala mwanafizikia aliyesema kwamba ulimwengu wa pili ni wa waovu. Hilo wameliongeza watunzi wa filamu. Na katika kipindi kimoja mashuhuri cha Star Trek kilichoonyeshwa Marekani mwaka 1967, mhusika Spock, yule wa upande wa uovu, alipambanuliwa kwa ndevu. Kwetu ndevu ni sunna, na alama hiyo isingetufaa kitu.

Hujja ninayokusudia kuisimamisha ni kwamba hikaya hii, pamoja na utamu wake, ina udanganyifu ndani yake, na udanganyifu huo haumo katika kumzua pacha mwovu bali katika kumpa makazi ya mbali. Mtu anayemwazia mwovu wake akiwa katika ulimwengu usiofikika kwa miguu wala kwa chombo, amekwisha kujipa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa, maana hajiulizi hata mara moja ni nani aliyemkalisha yeye katika kiti cha wema na kumwacha yule mwingine asimame kizimbani. Hajiulizi kama huko aliko, naye yule huwahadithia wanawe juu ya pacha mwovu anayeishi huku.

Wahenga wa pwani hawakuhitaji kwenda mbali hivyo. Elimu ya nafsi waliyoipokea pamoja na Kurani iliwafundisha kwamba nafsi ya mtu mmoja ina hali tatu, ile iamrishayo maovu, ile ijilaumuyo, na ile iliyotua. Na kwamba kila mwanadamu amepewa karini wake wa kijini, asiyemwacha nyumbani wala safarini. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbele zaidi akasema ndani ya ngozi ya mtu mmoja wamo nguruwe, mbwa, shetani na mwenye hekima, na kwamba mambo yote hutegemea ni nani kati yao anayetumikiwa na wenziwe. Hii ni picha ya kutisha kuliko ya filamu, kwa sababu haimwachii mtu mlango wa kutokea: yule mwovu hula katika sahani yangu.

Nasi Wayao wa kusini tulikuwa na njia yetu ya kuitambua nafsi ya pili. Kijana alipoingia jandoni alitoka na jina jingine, na lile la utotoni likawa haramu kutamkwa, hata mzee mwenye hasira akijisahau akalitaja alihesabiwa amemvunjia mtu heshima. Na siku ya kutoka, vibanda vya porini vilichomwa moto, na wari wakaamriwa waondoke wasigeuze nyuso nyuma. Mwenye kufikiri atauliza kwa nini wakatazwe kutazama nyuma ikiwa aliyeachwa huko ameungua kweli. Nadhani wakufunzi walijua kwamba hakuungua.

Hayo yatoshe kuwa dibaji. Jambo lenyewe lililonifanya niandike linahusu mahali, na mahali hapo ni Mbesa, upande wa kusini wa Tunduru, katika mkoa wa Ruvuma ambao makao yake makuu yako Songea; kijiji kinachojulikana zaidi kwa hospitali yake ya misheni, kuliko kwa jambo ninalotaka kulisema. Mtu akitoka Mbesa akaelekea kusini hufika mto Ruvuma, na akivuka mto huwa ameingia Msumbiji, jimbo la Niassa, ambako watu huzungumza Kiyao kile kile, hufuata ukoo wa mama vile vile, huswali kwa kibla kile kile, na aghalabu huwa na mjomba au binamu upande huu. Mpaka huo haukuwekwa na Wayao. Uliwekwa na Ujerumani na Ureno kwa mapatano ya tarehe 30 Desemba 1886, yaliyoufuata mto hadi unapokutana na mto Msinje, kisha mpaka ukaenda kwa mstari kuelekea Ziwa Nyasa. Na waliotia saini hawakuwa wameuona mto wenyewe wala kuonja samaki wake.

Kwa hivyo ulimwengu sambamba, kwa mtu wa Mbesa, si jambo la kukisia. Upo, una majina, na huvukwa kwa mtumbwi. Ukoo mmoja ulipasuliwa kwa kalamu, nusu ikapewa tarikhi moja na nusu tarikhi nyingine, kama kwamba mtu alitaka kujaribu rai ya Everett juu ya watu walio hai miongo saba kabla haijaandikwa. Ng'ambo ya pili Kampuni ya Niassa ilipewa hati mwaka 1891, ikatawala hadi 1929 kwa kodi ya nyumba na kazi ya shuruti, na wengi waliweza kunusurika nayo kwa kuvuka tu kuja kaskazini. Upande huu bendera ya uhuru ilipandishwa mwaka 1961 pasipo risasi. Upande ule risasi zilianza Septemba 1964 na hazikunyamaza hadi miaka kumi baadaye, na uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975 haukukaa miaka miwili ila vita vingine vikazuka, vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoendelea hadi mapatano ya Roma ya Oktoba 1992. Katika vita hivyo vya pili watoto walitekwa vijijini, wakapewa bunduki, na wengine wakalazimishwa kudhuru jirani zao au jamaa zao wenyewe ili wasiwe na pa kurudi.

Sasa na tumchukue mvulana wa Mbesa aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili mwaka 1986. Alikwenda shule, alilima mpunga na korosho za babaye, aliiba embe na akachapwa. Tumchukue na binamu yake wa upande wa pili, mwenye umri huo huo na pengine jina hilo hilo, maana majina hurithiwa kwa mababu, aliyetekwa akichota maji. Yule wa pili akija kuulizwa leo alitenda nini, huenda akanyamaza. Na yule wa kwanza akimtazama mwenziwe usoni, huona pua ya bibi yake. Hakuna filamu niijuayo iliyomfikisha mtazamaji mahali hapo, kwa kuwa katika filamu pacha mwovu huja akiwa mgeni, ilhali huyu huja akiwa mgonjwa wa hospitali, au mkwe, au mtu aliyefuata msiba.

Najua msomaji wa mantiki atanipinga. Atasema kwamba binamu si mimi; kwamba wanafunzi wa Ibn Sina wametufundisha kupambanua dhati na aradhi, na kwamba mtu aliyezaliwa na mama mwingine ana dhati nyingine, hata akifanana nami kama shilingi na shilingi. Nakubali. Lakini pingamizi hilo humwangusha pacha wa filamu kabla ya kumwangusha binamu wangu, kwa sababu yule wa filamu amepewa moyo ambao mimi sina, na moyo ndio dhati. Tukibadilisha moyo, sura iliyobaki ni nguo. Binamu, kinyume chake, amebadilishiwa aradhi tu: mwaka, ukingo wa mto, nani aliyefika kwanza kisimani. Mfano wake unanihusu mimi zaidi.

Pingamizi la pili ni zito, na sitalipita upesi. Ikiwa ukingo wa mto ndio uliomtia binamu bunduki mkononi, basi hana lawama, na mimi nami sina sifa, na wema na uovu vimekuwa bahati nasibu ya maji. Zaidi ya hayo, mtu wa Mbesa aweza kustarehe na kusema: alhamdulillahi, uovu uliangukia kule. Kwa starehe hiyo, tarikhi ina jibu lisilopendeza. Kabla ya mpaka kuwako, misafara ya Wayao ilivuka mto huu ikipeleka pembe na watumwa Kilwa, na David Livingstone, alipopanda bonde la Ruvuma mwaka 1866, alikuta njiani maiti za watu waliofungwa mitini kwa shingo kwa kuwa walishindwa kwenda na wenzao. Waliofunga kamba zile walikuwa mababu wa kingo zote mbili. Baadaye, mwaka 1905 hadi 1907, katika vita vya Maji Maji, jeshi la Wajerumani lilichoma vyakula vya watu wa kusini mpaka njaa ikawa silaha, na pale Songea tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa. Askari waliotumwa kuchoma maghala wengi walikuwa Waafrika. Nchi ile ile iliyoleta moto ndiyo iliyoleta baadaye wauguzi wa Mbesa. Ni yupi kati yao Mjerumani, na ni yupi pacha wake?

Kwa swali la lawama, nitamwita shahidi mmoja tu, naye ni Mataka, mfalme wa Wayao aliyekaa Mwembe, kusini ya mto. Utajiri wake ulikuwa wa watumwa, hilo halina shaka. Hata hivyo, Livingstone alipofika kwake Julai 1866, aliandika kwamba baadhi ya watu wa Mataka walikuwa wamekwenda upande wa Nyasa bila ya ruhusa yake, wakarudi na ng'ombe na mateka, naye alipoiona nyara ile akaamuru yote irudishwe kwa wenyewe. Wapo watakaosema alifanya hivyo kwa sababu ya mgeni, au kwa siasa. Nami siwezi kuusoma moyo wake. Ninachokiona ni kwamba ukingo ulikuwa ule ule, mwaka ule ule, soko la Kilwa liko wazi, na bado kulikuwa na nafasi ya kusema warudishwe. Nafasi ile ilikuwa nyembamba, na mvulana wa miaka kumi na miwili mwenye bunduki ya mtu mwingine mgongoni aliachiwa iliyo nyembamba zaidi, pengine isiyozidi kulenga juu ya vichwa vya watu. Lawama na ipimwe kwa upana wa nafasi hiyo. Mataka alikuwa nayo pana, na kwa hiyo wale waliokufa mitini wamo katika daftari lake. Sisi wa leo tunayo pana kuliko yake, na sioni kwa nini tusiingiwe na wasiwasi.

Basi atakaye kumwazia mwovu wake, namshauri aiache anga na aende mtoni. Wazee waliopita katika vita vile vya ng'ambo, walioteka na waliotekwa, bado wako hai katika vijiji vya kingo zote mbili, na idadi yao inapungua kila kiangazi. Nawaomba walimu na wanafunzi wa vyuo vyetu, wa Songea kadhalika na wa Lichinga kule Niassa, wakaandike maneno yao kwa Kiyao kabla hayajazikwa, na wasiwaulize kwanza walikuwa upande gani.