Uokoaji katika maeneo finyu ya kazi

Uokoaji katika maeneo finyu ni kazi ya kumtoa mtu aliyezidiwa ndani ya chemba ya maji taka, kisima, tangi, kihenge cha nafaka, ngama ya meli au mahali pengine ambapo mwili mzima huweza kupenya, lakini mlango ni mdogo na hapakujengwa kwa ajili ya mtu kukaa. Vifaa vyake vikuu ni kipima gesi, feni ya kuingiza hewa, stendi ya miguu mitatu yenye winchi, mkanda wa mwili mzima, kamba, na mtungi wa hewa pamoja na barakoa yake. Taratibu za kuvitumia ni kali kwa sababu katika ajali za aina hii anayekwenda kuokoa yumo hatarini sawa na anayeokolewa. Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ilitahadharisha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa katika maeneo finyu ni watu walioingia kumwokoa mwenzao. Fundi anaanguka shimoni, msaidizi wake anashuka, ndugu anamfuata, na jioni maiti ni tatu.

Hewa inayoua

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya asilimia 19.5, kanuni za Marekani huihesabu kuwa haifai kuingiwa bila mtungi. Ikikaribia asilimia 6 mtu huzimia mara moja na kufa ndani ya dakika chache. Oksijeni hupotea kimyakimya: chuma kikishika kutu ndani ya tangi lililofungwa huila, nafaka mbichi huila, na mbata iliyojazwa ngamani huila pia. Mapafu hayamwonyi mtu kwamba oksijeni imekwisha. Hahisi kukabwa, miguu inalegea tu.

Katika mashimo ya maji taka adui mkubwa ni salfidi hidrojeni, gesi yenye harufu ya yai viza. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Ikifikia takriban sehemu 100 hadi 150 kwa milioni huipooza pua, na mtu hudhani imeondoka kumbe imezidi. Karibu na sehemu 1,000 pumzi chache humwangusha. Visimani hatari ya kawaida ni kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mara nyingi huletwa na watu wenyewe wanaposhusha mashine ya petroli ya kuvuta maji na kuiwasha humo humo. Mashine ya namna hiyo ibaki juu, mbali na mdomo wa kisima.

Kitambaa chenye maji hakizuii lolote kati ya haya. Barakoa ya kichujio nayo husafisha hewa iliyopo tu, haitengenezi oksijeni, na kuivaa katika shimo lililokosa oksijeni ni kujidanganya.

Kabla mtu hajaingia

Uokoaji mzuri hupangwa kabla ya kazi kuanza. Kibali cha kuingia hutaja kazi yenyewe, muda, majina ya wanaoingia, vipimo vya gesi na namna ya kuwatoa. Bila kipengele hicho cha mwisho kibali ni karatasi tupu.

Kipima gesi hujaribiwa kwanza kwa gesi ya kipimo kinachojulikana, kisha hushushwa juu, katikati na chini, kwa kuwa gesi hujipanga kwa uzito. Oksijeni hupimwa mwanzo, halafu gesi zinazoweza kuwaka, mwishoni zenye sumu. Mpangilio huo una maana: vipima vingi vya gesi za kuwaka hutoa jibu la uongo pale oksijeni inapopungua. Feni hutangulia na huendelea kazi ikiwa inafanyika. Kupuliza oksijeni safi badala ya hewa ni marufuku, maana ikizidi asilimia 23.5 nguo na mafuta hushika moto kwa cheche ndogo.

Mlangoni hukaa mlinzi wa nje. Hana kazi nyingine, hatumwi chai wala spana, na haingii ndani hata anayeanguka akiwa nduguye. Huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote, na ndiye ambaye waajiri wengi humwona ni mshahara wa bure.

Kuokoa kutoka nje

Njia ya kwanza ni kumvuta aliye ndani bila mtu wa pili kuingia. Kwa hiyo anayeshuka huvaa mkanda wa mwili mzima wenye pete mgongoni, kati ya mabega, na kamba yake hubaki imefungwa winchini. Kanuni za Marekani za mwaka 1993 zinataka chombo cha kuvutia pale shimo linaposhuka kwa kina cha zaidi ya takriban mita 1.5, kwa sababu mikono mitupu haiwezi kumpandisha mtu aliyelegea. Winchi hufungwa tayari kabla ya kuingia. Ikibaki kwenye gari haina faida: ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6 bila oksijeni.

Mtungi wa hewa

Ikibidi mtu aingie, huvaa mtungi wa hewa akiwa nje na kuuvua akiwa nje. Ndevu huzuia barakoa kushika uso, hivyo anayevaa lazima awe amenyoa. Hesabu ya hewa hufanywa kabla. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa kwa shinikizo la bar 300 una karibu lita 2,040. Zikiachwa bar 50 za akiba hubaki kama lita 1,700, ambazo kwa matumizi ya lita 40 kwa dakika ni dakika 42. Muokoaji anayebeba mtu huvuta lita 60 au zaidi, na hapo muda hushuka chini ya nusu saa, pamoja na safari ya kurudi. Filimbi ya onyo ikilia si saa ya kujaribu mara moja zaidi; anatoka.

Vifaa vidogo vya kutorokea, vyenye hewa ya dakika 10 hadi 15, ni vya kukimbilia nje tu. Kuingia navyo kuokoa ni kosa.

Baada ya kazi mtungi hujazwa, barakoa huoshwa na mkanda hukaguliwa nyuzi zake. Mkanda uliowahi kudaka mtu aliyeanguka huondolewa kazini.

Sheria na mazoezi

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote mbili humbebesha mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi. Melini, tangu Januari 2015, mazoezi ya kuingia na kuokoa katika maeneo yaliyofungwa ni ya lazima kila miezi miwili. Kwenye mashimo ya maji taka ya mitaani, ambako vibarua hushuka na ndoo na kamba ya katani, hakuna mazoezi wala kipima gesi, na ndiko taratibu hizi zinakohitajika zaidi. Asiyekuwa na vifaa asishuke: apulize hewa shimoni akiweza, awazuie wengine, na apige simu. Nchini Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.