Nani anatuchaguliaga nguo? Historia fupi ya kostime, abacost na kikwembe

Musimu wa kutetea kazi umefika tena, na swali ni lile lile la kila mwaka: mutu akienda mbele ya juri, avae nini? Wengi wanajibu bila kufikiri: kostime nyeusi, shemizi nyeupe, karavati. Leo ninaomba turudi nyuma kidogo. Hiyo nguo tunayoiita "ya heshima" ilitoka wapi? Ilishonwa kwa ajili ya baridi ya nani? Na juu ya nini imekuwa kama sheria hata Kinshasa, ambako mutu anaanza kutoka jasho saa mbili ya asubui?

Shuleni tulifundishwa jibu jepesi: nguo inafuata hali ya hewa. Ni kweli, na mifano iko mingi. Wainuit wa kaskazini mwa Kanada walikuwa wanavaa ngozi za karibu, mnyama anayefanana na swala mkubwa, kwa tabaka mbili. Tabaka la ndani manyoya yalielekea mwilini, la nje manyoya yalielekea nje, na hewa iliyobaki katikati njo ilikuwa inalinda joto. Jangwani nako, watu wa Ulaya walishangaa sana kuona Mabedui wamevaa kanzu nyeusi kwenye jua kali. Mwaka 1980 watafiti walichapisha vipimo vyao katika gazeti la kisayansi Nature. Walionyesha kwamba kanzu nyeusi inachukua joto zaidi kuliko nyeupe, lakini joto hilo halifiki ngozini, kwa sababu nguo ni pana na upepo unapita ndani yake. Mwishoni mwenye kanzu nyeusi anapata joto sawasawa na mwenye kanzu nyeupe. Kwa hiyo upana wa nguo ulikuwa na kazi kubwa kuliko rangi yake.

Hata kwetu elimu hiyo ilikuwepo. Katika misitu ya Ituri, Wambuti walitwanga maganda ya miti mpaka yakawa laini kama kitambaa. Wanaume walitwanga, wanawake walichora. Kasai, Wakuba walifuma nguo za rafia: mwanaume anafuma, mwanamke anatarizi, na michoro yake leo inawekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Rafia ni nyepesi, na hewa inapita. Kwa inchi ya joto na unyevu, hiyo ni nguo yenye akili.

Sasa tuangalie kostime. Oktoba 1666, mufalme Charles wa Pili wa Uingereza alitangaza kwamba ataacha mitindo ya Ufaransa na kuvaa kizibao kirefu chini ya koti. Wanahistoria wa mavazi wanaanzia pale kuhesabu umri wa kostime ya vipande vitatu. Karavati nayo ina jina la Wakroeshia, askari waliofika Ufaransa katika karne ya 17 wakiwa na vitambaa shingoni. Katika karne ya 19, kostime ya sufu yenye rangi ya giza ikawa nguo ya wafanyabiashara na makarani wa London. Kule ina maana: kuna ukungu, mvua ya baridi, moshi wa makaa, na kondoo wa kutoa sufu si wa kutafuta mbali. Mutu wa London hakuvaa sufu kwa kiburi, alivaa juu ya baridi.

Toga ya siku ya kolasyo ni ndugu ya hiyo kostime. Iniversite za kwanza za Ulaya zilikuwa mikononi mwa watu wa Kanisa, na nguo zao ndefu zenye kofia ya mgongoni zilifaa sana katika majengo ya mawe yasiyo na moto. Karne zikapita, baridi ikasahaulika, nguo ikabaki. Leo tunaivaa chini ya hema, juani, tukisubiri mpaka orodha ya majina mia tatu iishe. Sisemi tuitupe. Mimi mwenyewe niliivaa, na mama alilia kwa furaha. Ninasema tu kwamba pale hali ya hewa haielezi kitu tena. Kuna nguvu ingine inayotuvalisha.

Nguvu hiyo kwetu iliingia kwanza kwa njia ya biashara. Kuanzia miaka ya 1830, meli kutoka Salem, mji wa jimbo la Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa cheupe cha pamba ambacho watu wa pwani walikiita merikani. Misafara ikakibeba mpaka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kasongo na Nyangwe, Maniema. Kitambaa kilikuwa feza. Shuka ilikuwa mikono minne, doti ilikuwa mikono nane, na bei za njiani zilihesabiwa hivyo, hata ushuru wa kupita katika inchi ya sultani. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 mpaka 1865, merikani ikawa adimu, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi.

Ile njia njo iliyotuletea pia Kiswahili. Lakini tusiipambe: ilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watumwa. Aliyevaa kanzu aliitwa mungwana, maana yake mutu huru. Aliyekuwa uchi au amevaa maganda ya mti alihesabiwa kama mutu wa kukamatwa. Kiswahili chetu cha mashariki wazee walikiita Kingwana kwa sababu ya hao waungwana. Kwa hiyo tangu mwanzo, katika eneo letu, kitambaa kilionyesha nani ana haki na nani hana.

Wabelgiji walipokuja hawakuvunja hiyo hesabu, waliiendeleza. Tangu 1917 walilazimisha wakulima kupanda mazao ya biashara, na pamba ikawa mojawapo ya mazao yaliyochukiwa sana. Mukulima alipanda kwa nguvu, akauza kwa bei iliyopangwa na wengine, halafu akanunua kitambaa dukani. Mjini wakatengeneza tabaka la "évolué". Mwaka 1948 wakaanzisha karata ya heshima ya kiraia, na 1952 wakaongeza matrikulasyo. Ili upate matrikulasyo, walikuja mpaka nyumbani kwako kuangalia kama unaishi "kama mutu mustaarabu": unakula namna gani, nyumba iko namna gani, bibi yako anajiendesha namna gani. Katika maisha kama hayo, kostime haikuwa pambo, ilikuwa ushahidi. Angalieni picha za tarehe 30 Juni 1960: viongozi wetu wanapokea uhuru wakiwa na kostime na vipepeo shingoni. Ninawaelewa. Walikuwa mbele ya watu ambao kwa miaka mingi waliwapima kwa macho.

Halafu gurudumu likageuka. Oktoba 1971 inchi ikaitwa Zaïre, siasa ya "authenticité" ikaanza, na kostime ikawa aduyi. Mahali pake ikaja abacost. Jina lenyewe linatoka kwa maneno ya Kifaransa "à bas le costume", yaani kostime ianguke. Ni koti lisilo na karavati, linalofanana kidogo na lile la China ya Mao. Wanaume wakaacha karavati, wanawake wakakatazwa suruali na nywele za bandia, wakaambiwa wavae kikwembe. Ilidumu hivyo mpaka tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Karavati ikarudi pamoja na vyama vingi.

Kuna mambo mawili hapa ambayo wazee hawatuelezeaga sana. La kwanza: abacost nzuri za wakubwa zilikuwa zinashonwa Ubelgiji. Nguo ya kukataa ukoloni ilikuwa inatoka kwa mukoloni mwenyewe, na bei yake si ya mutu wa kawaida. La pili: kikwembe tulichoambiwa ni "authentique" kilizunguka dunia kabla ya kufika kwetu.

Batiki ni kazi ya mikono ya watu wa Java, Indonesia. Wanachora kwa nta ya moto, wanatia kitambaa katika rangi, wanaondoa nta. Waholanzi waliotawala Java walitaka kuifanya kwa mashine ili waiuze kule kule. Kiwanda kinachojulikana zaidi kilianza mwaka 1846 katika mji wa Helmond, Uholanzi, na leo ni Vlisco. Lakini mashine ilitumia utomvu uliokuwa unapasuka, na rangi ikaingia katika nyufa na kuacha mishipa midogo. Kwa watu wa Java hilo lilikuwa kosa. Katika miaka ya 1890 wafanyabiashara wakapeleka kitambaa hicho Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na wamama wa pale wakaipenda ile mishipa, kwa sababu hakuna vipande viwili vinavyofanana kabisa. Kutoka pale ikasambaa. Baadaye inchi yetu ikatengeneza vitambaa vyake yenyewe: Kalemie ilikuwa na Filtisaf, Kisangani ikawa na Sotexki.

Je, kikwembe si chetu basi? Mimi ninasema ni chetu. Wafanyabiashara wamama wa Afrika njo walioviuza, wakachagua vipi vitakufa na vipi vitaishi, wakavipa majina ya methali, ya ndoa, ya wivu na ya siasa ambayo kiwanda hakikuyajua. Kitu kinakuwa chako kwa kazi unayokifanyisha. Lakini kwa hoja hiyo hiyo, hata kostime inaweza kuwa yetu. Waangalieni wasapeur wa Kinshasa na Brazzaville. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, wakati abacost ilikuwa sheria, Papa Wemba na vijana wake walivaa nguo za mafundi wakubwa wa Ulaya na Japani, tena kwa namna ambayo mutu wa Paris mwenyewe angeogopa kuvaa. Chini ya serikali iliyokataza karavati, karavati ilikuwa ukaidi. Ndugu, nguo ile ile: 1955 ni utii, 1980 ni ukaidi, leo ni utii tena.

Na tusifikiri ni ugonjwa wa Kongo tu. Baada ya uasi wa 1745, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya 1746 iliyokataza wanaume wa nyanda za juu za Uskoti kuvaa mavazi yao ya asili, na haikufutwa mpaka 1782. Peter Mkuu wa Urusi aliamuru watu wa mjini wavae Kiulaya mwaka 1700, katika baridi ambayo kanzu ndefu za Kirusi ziliijua muzuri zaidi. Uturuki ilikataza tarabushi mwaka 1925. Tanzania, vijana wa TANU walianzisha Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia zilikatazwa Dar es Salaam. Wote hao walikuwa na sababu tofauti, lakini walijua jambo moja: mawazo ya mutu hayaonekani, nguo inaonekana. Polisi wa barabarani anaweza kuikagua.

Sasa turudi kwetu, maana sikuandika haya kwa ajili ya kuonyesha tarehe. Mwaka uliopita, katika fakilte moja ambayo sitaitaja, dada mmoja wa promosyo yetu alikuja kutetea akiwa amevaa kikwembe safi, kimeshonwa muzuri, kimefika miguuni. Mlangoni akaambiwa: "Dada, hapa si ku ndoa." Akaazima koti la mwenzake, kubwa kwake mara mbili, akatetea mikono imefichwa ndani. Siku hiyo hiyo kijana mwingine alikuwa amekodi kostime kwa feza aliyokuwa ameweka kwa kuchapisha kazi yake. Juri ikapata nakala mbili badala ya tatu, na ikamkemea. Kazi yake ilikuwa juu ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Dakika za kwanza zilipotea kwa kuzungumzia nakala.

Kuna watakaosema: nidhamu ni nidhamu, kazini pia kuna tenue. Ninakubali. Mutu asije na kandambili na singileti. Na Bukavu au Lubumbashi mwezi wa saba, koti la sufu linasaidia kweli, hakuna ubaya. Lakini usafi na adabu ni kitu kimoja, kostime ni kitu kingine. Aliyetuambia ni kitu kimoja alitufundisha hivyo katika miaka ya 1950, na mtihani ule ulishaisha.

Kwa hiyo ninaleta pendekezo kwa kamati ya chama chetu. Kabla ya sesyo inayokuja, tuwaandikie wakuu wa fakilte barua moja fupi, tuombe kanuni ya mavazi iandikwe na ibandikwe ukutani mapema: nguo safi, ya adabu, na kikwembe kilichoshonwa kitajwe kwa jina kwamba kinakubaliwa, kwa wanaume na kwa wanawake. Mwenye kostime avae kostime yake. Asiyekuwa nayo atumie feza yake kuchapisha nakala ya tatu. Nimeshaandika rasimu ya barua. Walio tayari kuisoma na kuisahihisha waseme hapa chini, na wenye kusoma sheria watuambie kama ipo kanuni yoyote ya iniversite inayolazimisha karavati.