Kompyuta ya Michezo: Kununua Iliyotumika au Kuunda Mpya

Mwanafunzi wangu mmoja alitumia akiba yake ya mwaka mzima kununua kompyuta ya michezo iliyokwisha kutumika. Sura yake ilikuwa nzuri, bei yake nafuu, na maneno ya mwuzaji matamu. Haukupita mwezi, kioo kikawa kinazimika kila mchezo ulipopamba moto. Rafiki zake walimlaumu kwamba angalinunua vipande vipya akaiunda mwenyewe. Naye alijitetea kwamba fedha zake hazikutosha. Ubishi wao ulinifanya niitazame historia ya jambo hili, nikaona kwamba ni kongwe kuliko wabishi wenyewe.

Hapo mwanzo mtu wa kipato cha kawaida hakuwa na hiari. Mwezi wa Januari 1975 jarida la Marekani liitwalo Popular Electronics lilitoa katika jalada lake picha ya kompyuta ndogo, Altair 8800, kazi ya kampuni ya MITS ya mji wa Albuquerque. Kwa bei iliyopungua dola 500, mnunuzi aliletewa vipande, akavilehemu kwa mkono wake. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256 tu, na haikuwa na kioo wala kibao cha herufi. Mwaka 1980, katika Uingereza, Sinclair aliuza ZX80 kwa pauni 79.95 ikiwa vipande, na pauni 99.95 ikiwa kamili. Pauni 20 zilizozidi zilikuwa ujira wa kuunda. Aliyeokoa fedha hizo alilipa kwa jasho, lakini alipomaliza alikijua chombo chake ndani na nje.

Baadaye zilienea mashine kama Commodore 64 ya mwaka 1982, zilizouzwa zikiwa kamili, na mwenye kucheza hakuwa na sababu ya kuzifungua. Lakini mwaka 1981 IBM ilikuwa imetoa kompyuta iliyoundwa kwa vipande vya makampuni mbalimbali, prosesa ikiwa ya Intel, na wengine wakaweza kuuiga mpango wake. Mwaka 1995 Intel ilitangaza kipimo cha ATX, kilichoweka ukubwa wa bodi kuu na mahali pa matundu ya skurubu zake. Kwa kipimo hicho bodi ya mtengenezaji huyu iliweza kukaa katika kasha la yule. Mwaka uliofuata kadi ya picha ya Voodoo, ya kampuni ya 3dfx, iliingia sokoni, na nguvu ya kompyuta ya michezo ikawa katika kipande kimoja kinachochomeka na kuchomoka. Kwa hiyo uundaji na mtumba ni ndugu wa tumbo moja, maana anayechomoa kadi ya zamani ili atie mpya hutafuta wa kumwuzia ile ya zamani.

Ndugu hao walikosana wakati wa sarafu za kidijiti. Hesabu za kuzalisha sarafu ya Ethereum zilifanywa kwa kadi zile zile za michezo, nao watafutaji wa faida walizinunua kwa wingi. Kadi ya Nvidia RTX 3080, iliyotolewa Septemba 2020 kwa bei ya dola 699, mwaka 2021 iliuzwa na walanguzi kwa zaidi ya dola 1,000. Aliyetaka kuunda kipya alishindwa. Kisha, tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum iliiacha njia hiyo ya hesabu, na kadi zilizokesha kazini kwa miezi mingi zikakosa kazi kwa siku moja. Nyingi zilifutwa vumbi zikapelekwa sokoni.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini hapa methali hiyo ina ukweli nusu. Wachimbaji wengi wa sarafu walipunguza umeme wa kadi zao ili kuokoa gharama, na kadi hizo zikadumu. Kinachochakaa upesi ni feni, pamoja na dawa inayopitisha joto, ambayo hukauka. Shida ni kwamba diski hutunza hesabu ya saa ilizowashwa, bali kadi ya picha haimwonyeshi mnunuzi hesabu ya namna hiyo. Basi mwenye kununua iliyotumika hununua pamoja nayo maisha asiyoyajua, na hana shahidi ila mwuzaji.

Tulipolifungua kasha la mwanafunzi wangu tuliona feni moja ya kadi haizunguki, na vumbi limeganda kama sufi. Tulibadili feni, tukaondoa vumbi, tukapaka dawa mpya. Gharama yake ilikuwa ndogo, na kioo hakikuzimika tena. Rafiki zake hawakushinda ubishi, wala yeye hakushinda. Bei ya soko hupanda na kushuka, na kila zama hupendelea upande mmoja. Alichokikosa kijana huyu siku ya kununua ni ule ujuzi ambao mnunuzi wa Altair aliupata kwa kulazimika. Kama angalilifungua kasha kabla ya kufungua mkoba, angalijua ananunua nini, na angalilipa pungufu.