Maumivu makali ya mgongo yatokanayo na diski: jinsi ya kupona bila upasuaji

Umeinama kumbeba mtoto au kuinua ndoo ya maji, na ghafla mgongo umekaza. Maumivu yanashuka kwenye tako hadi mguuni kama umepigwa shoti ya umeme. Mara nyingi chanzo ni diski iliyotokeza kwenye sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Watu wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji, lakini kuna dalili chache ambazo hazisubiri hata siku moja. Ni muhimu kujua yote mawili.

Nini kimetokea?

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski zinazopunguza mshtuko. Kila diski ina ute mzito ndani na ukuta mgumu nje. Ukuta ukichanika, ute hutokeza na kubana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Ndiyo maana mguu unauma, unachoma au unakufa ganzi wakati tatizo liko mgongoni.

Diski haijahama mahali pake, hivyo usikubali kuvutwa kwa nguvu wala kukanyagwa mgongo ili "irudi". Kadiri muda unavyopita, mara nyingi mwili wenyewe hunyonya ute uliotokeza.

Siku za mwanzo

• Pumzika siku moja au mbili tu. Kulala kitandani wiki nzima hudhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Tembea kidogo kidogo ndani ya nyumba, mara kadhaa kwa siku.
• Lala ubavu ukiwa na mto katikati ya magoti, au chali ukiwa na mto chini ya magoti.
• Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, dakika 15 hadi 20.
• Uliza mhudumu wa afya kuhusu dawa. Kwa mtu mzima, parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Usitumie ibuprofeni au diklofenaki bila ushauri ikiwa una mimba, vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo. Kama unanyonyesha, sema kabla ya kupewa dawa yoyote.

Kazi za nyumbani na mtoto

• Usimwinue mtoto kutoka sakafuni ukiwa umeinama. Piga goti, mkumbatie karibu na kifua, kisha simama kwa nguvu ya miguu. Anayeweza kupanda kiti apande mwenyewe.
• Nyonyesha ukiwa umeegemea, na mtoto awe juu ya mto ili usimwinamie.
• Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa zaidi ya kilo 20. Chota nusu, au mwombe mwingine akusaidie.
• Weka beseni la kufulia juu ya meza au benchi. Tumia ufagio wenye mpini mrefu.
• Usiinue kitu huku ukigeuza kiuno.

Kuomba msaada kwa wiki chache si uvivu. Kama wewe ndiye unayemhudumia mgonjwa, mpunguzie mizigo mizito, lakini usimzuie kutembea.

Mazoezi

Maumivu yakipungua, muone mtaalamu wa fiziotherapia akuchagulie mazoezi. Kuna kipimo rahisi: maumivu yakiondoka mguuni na kubaki mgongoni, unaelekea pazuri. Yakizidi kushuka mguuni, acha zoezi hilo na umweleze.

Nenda hospitali leo hii ikiwa:

• mkojo unashindwa kutoka, au mkojo au haja kubwa inatoka bila kujua;
• unahisi ganzi sehemu za siri, kwenye njia ya haja kubwa au mapajani kwa ndani;
• miguu yote miwili inaishiwa nguvu, au mguu mmoja unazidi kulegea na unyayo unaburuzika.

Hizi ni dalili kwamba mishipa ya fahamu imebanwa sana. Hapo upasuaji wa haraka unaweza kuhitajika, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu.

Muone daktari pia bila kuchelewa ikiwa una homa, unatokwa jasho usiku, unapungua uzito, umeanguka, au umewahi kuugua saratani. Kifua kikuu pia hushambulia uti wa mgongo, na matibabu yake ni tofauti.

Je, ni lazima kupiga picha ya MRI?

Kama huna dalili za hatari, mara nyingi si lazima katika wiki 6 za mwanzo, kwa sababu matibabu hayabadiliki. Ikiwa baada ya wiki 6 maumivu ya mguu bado yanakunyima usingizi au kazi, rudi kwa daktari. Ndio wakati wa kuzungumzia kipimo hicho, na kama upasuaji utakusaidia.